Niliomba Shtaka Zito

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: nimekaa jela ya kaunti ya Tarrow, jimbo la Mississippi, miezi saba, na hakuna mtu aliyenihukumu kwa lolote. Walikuta kibarazani kwangu mota ya kupuliza hewa kwenye bwawa la kambare, mali ya Bwana Royce Haskew. Mimi ni fundi wa mota. Watu huniletea. Hiyo aliniletea mfanyakazi wa Haskew mwenyewe. Nililitaja jina lake mara tatu, na naibu wa sherifu hakuliandika hata mara moja.

Miezi saba, kwa sababu mahakama yetu kubwa hukaa mara mbili kwa mwaka. Jaji anakuja, anasikiliza wiki mbili, anafunga mkoba, anakwenda kaunti nyingine. Mimi nilikamatwa siku tisa baada ya kufunga mkoba. Na wakili hupewi mpaka jopo la wananchi wanaoamua nani ashtakiwe likutane likuandikie mashtaka rasmi. Kwa hiyo nilikaa. Mtu mwenye haki zote zilizoandikwa kwenye katiba, na hakuna hata mmoja wa kumwambia.

Niliwaacha pale mlango wa seli ulipofunguliwa na askari akasema, "Gathright, vaa viatu. Jaji amefika."

Sasa endeleeni nami.

Walitufunga mnyororo mmoja watu kumi na moja, sare za mistari ya kijani na nyeupe, wakatukalisha kwenye viti vya lile jopo jingine, la wananchi kumi na wawili wanaosikiliza kesi. Nadhani mmeelewa. Viti vya watu wanaotakiwa kuamua kesi zetu tulivikalia sisi, maana siku ya kukiri hakuna anayekuja kuamua chochote. Kila kitu kimeshaamuliwa kwenye korido.

Akaja mzungu mwembamba, tai imepinda, faili kwapani.

"Wewe ndiye Galbraith?"

"Gathright. Odell Gathright."

"Mimi Pruitt, wakili wako. Nina habari njema."

Nilimngoja mtu huyu miezi saba. Nilikuwa nimemwandalia maswali ishirini na mawili, nimeyaandika nyuma ya karatasi za kantini ya jela. Hakuniuliza hata kama nina swali.

"Una mashtaka mawili," akasema. "La kwanza, kuvunja banda. Hilo ni zito, linafika miaka saba. La pili, kuiba. Linafika mitano. Nimezungumza na mwendesha mashtaka. Anafuta hilo zito. Wewe unakiri wizi tu, unapewa mitano, yote inaahirishwa, hukai hata siku moja. Leo jioni unakula kwa mama yako."

"Sikuiba."

"Sijakuuliza hilo."

"Na nikikataa?"

"Msimu ujao wa mahakama ni Novemba. Unarudi seli, tunaonana Novemba." Akafungua kalamu. "Kila aliyekaa hapa anatia sahihi, bwana. Tia sahihi."

Nikamwambia, "Nataka kukiri lile la kuvunja."

Akaishusha kalamu. "Hukunisikia. Hilo ndilo zito. Hilo ndilo nililokuondolea."

"Lirudishe."

Jamaa niliyefungwa naye mnyororo, jitu moja la mita mbili linaitwa Tunstall, likaanza kucheka mpaka mnyororo ukatetemeka wote. "Mmemsikia mzee? Anaagiza kifungo kama kuku wa kukaanga. Nipe paja, nipe kubwa!"

Cheka, Tunstall. Wewe hukusoma.

Mimi nilisoma. Jela ya Tarrow ina kitabu kimoja cha sheria, hakina jalada, na mtu mmoja alishachana kurasa za mwanzo kuvutia sigara. Zilizobaki nilizisoma mpaka nikaziota. Humo kuna katiba ya jimbo letu, iliyoandikwa mwaka 1890, na humo kuna orodha. Ukipatikana na kosa lililomo kwenye orodha ile, jina lako linafutwa kwenye daftari la wapiga kura mpaka unazikwa. Wizi umo. Kuchoma nyumba kumo. Hata kuoa wake wawili kumo. Walioiandika walikaa wakapanga makosa waliyodhani mtu mweusi ndiye huyafanya, na wala hawakuficha, walijisifu hadharani. Kuua mtu hakukuwemo. Nasema tena kwa wanaosoma haraka haraka: mwaka ule, ukiua mtu ulipiga kura, ukiiba kuku hukupiga.

Kuvunja jengo kulikuwemo mwanzoni. Mwaka 1950 wakakuondoa.

Kwa hiyo fikirini kama mimi. Wizi, miaka mitano, hakuna kura maisha. Kuvunja, miaka saba, na kura yako unayo. Lile wanaloliita jepesi ndilo linalokuzika.

Nilimweleza Pruitt haya yote. Alinitazama kama mtu anayeongeleshwa na mbwa.

"Miaka ishirini na sita natetea watu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za kura."

"Wewe uliwahi kuwaambia?"

Akafunga faili. "Nitamuuliza mwendesha mashtaka. Lakini sikiliza. Kuna majaji wanaokubali mtu akiri bila kusema alitenda. Jaji Stegall si mmoja wao. Ukikiri kuvunja, utasimama pale, utaapa, na utasema kwa kinywa chako ulivunja vipi. Utaweza?"

Nitawaungamia ninyi nilichokificha siku ile. Nilisema nitaweza. Mimi niliyewahubiria wenzangu selini miezi saba, usikiri, usitie sahihi, usiseme neno, nilikubali kuapa uongo mchana kweupe. Nilijiona mjanja. Nilijiona nimelikamata jimbo zima la Mississippi kwa mkia.

Pruitt alipoondoka, mama yangu akaja mpaka kwenye ubao unaotenga watu na mahakama. Mama Ozella, karibu miaka themanini, kofia ya kanisani kichwani. Askari alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akaacha.

"Huyo wakili ameniambia," akasema. "Eti umepewa nyumbani, wewe unataka jela."

"Sitaki jela, Mama. Nakiri lile jingine ili wasinifute."

"Wakufute wapi?"

"Kwenye daftari. La kura."

Hapa ndipo nilipotegemea anishike mkono. Kwa sababu ni yeye. Mwaka 1963 alikwenda kwenye jengo hili hili kuomba kujiandikisha. Ilikuwa sheria wakati huo: ukiomba, jina lako linachapwa gazetini wiki mbili, ili kila mwajiri alisome. Lilichapwa. Wiki ya pili mwenye shamba tulilokuwa tukiishi akaja na gari, akatutolea vitanda nje. Nilikuwa na miaka minne. Tulilala kanisani mpaka baridi ikaisha. Jina la yule mtu ninalo. Jina la mwanawe ninalo. Najua mjukuu wake anafanya kazi ofisi gani, ghorofa gani.

Mama akasema, "Odell, acha ujinga."

"Mama?"

"Nimepiga kura zaidi ya miaka hamsini. Maji ya bomba langu bado yana rangi ya chai. Tia sahihi ya wizi, twende."

"Mama, ni wewe uliyenifundisha..."

"Nilikufundisha na kuziba paa. Paa linavuja. Ndoo tatu nimetega sebuleni, nazimwaga mwenyewe na magoti haya." Akainama karibu, harufu yake ya mafuta ya kafuri ikanifikia. "Wamekuuliza unataka kwenda nyumbani. Swali lenyewe ni hilo tu. Sema ndiyo."

"Sikuiba, Mama. Siwezi kusema niliiba."

"Na kuvunja ulivunja?"

Nikamgeuzia mgongo. Mama yangu mzazi, mbele ya Tunstall na minyororo yote, nikamgeuzia mgongo. Nilisikia fimbo yake ikirudi kwenye benchi, pole pole. Nimeyaandika haya ili mjue, hasira yangu yote haikuwa kwa serikali peke yake.

Mwendesha mashtaka alikuwa binti mmoja, Kimbrough, miaka thelathini na kidogo, viatu vyekundu. Pruitt alipomnong'oneza, alicheka kwa sauti.

"Anataka zito? Mpe." Akanitazama. "Hutarudi kesho kusema hukuelewa, sawa, mzee?"

"Nimeelewa kuliko wewe."

"Odell," Pruitt akasema akiuma meno.

"Mwache," akasema Kimbrough. "Napenda wanaojua kila kitu. Huwa hawasumbui kuwafunga."

Tukaitwa. Jaji Stegall ni mtu mnene mwenye sauti ya kuomba radhi, ile sauti inayokukata bila kupanda. Nilinyanyua mkono wa kulia, pingu ikanyanyua na wa kushoto. Nikaapa.

Akaanza kunisomea haki zangu. Ninyi mnaodhani haki husomewa mtu ili azitumie, mngekuwepo. Siku ile husomewa mtu ili azitupe, moja moja.

"Una haki ya kusikilizwa na jopo la wananchi kumi na wawili. Unaiacha?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Una haki ya kuwauliza maswali mashahidi wanaokushtaki. Unaiacha?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Una haki ya kunyamaza, na hakuna anayeweza kukulazimisha kusema dhidi ya nafsi yako. Unaiacha?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kuna mtu amekuahidi lolote ili ukiri?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Sote tumeahidiwa. Ndiyo sababu tuko hapa. Jaji anajua, wakili anajua, askari wa mlangoni anajua. Lakini hapana ndiyo jibu, na mwandishi wa mahakama tayari alikuwa na vidole juu ya ile hapana kabla sijaisema.

Jaji akageuza karatasi, akakunja uso. "Bwana Pruitt, hapa nasoma mteja wako anakiri kuvunja, na shtaka la wizi ndilo linalofutwa. Hamkuyageuza?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ndivyo anavyotaka."

"Kwa nini?"

"Ana sababu zake."

"Miaka kumi na tisa niko kwenye kiti hiki," akasema Stegall, "sijaona mtu akiomba kupandishiwa." Watu wakacheka. Nyuma kabisa, benchi ya mwisho, niliona kofia ya majani ya Royce Haskew ikitikisika. Alikuwa amekuja kuniona nikikiri. Ameweka mguu juu ya mguu, kiatu chake kina matope ya bwawa.

"Haya, Bwana Gathright," akasema jaji. "Niambie ulichofanya."

"Nilivunja banda la Bwana Haskew, Mheshimiwa."

"Uliingiaje?"

Hapo ndipo nilipogundua kitu kidogo sana. Banda hilo sijawahi kuliona.

Miezi saba nimesoma sheria ya kuvunja. Najua inataka nini: lazima kuwe na kufungua kitu kilichofungwa, lazima kuwe na kuingia, lazima kuwe na nia. Najua majaji gani wa zamani waliamua nini. Lakini banda lenyewe, liko upande gani wa bwawa, lina dirisha au halina, sijui. Mtu ambaye hakwenda mahali atajuaje?

"Bwana Gathright. Mlango au dirisha?"

Nikakumbuka karatasi ya mashtaka. Ilisema kufuli lilivunjwa. Kufuli hukaa mlangoni.

"Mlango, Mheshimiwa. Nilivunja kufuli la mlango kwa mtaimbo, nikaingia."

Vidole vya mwandishi vikalia tak tak tak. Jaji akaanza kuandika.

Kisha kicheko kikatoka nyuma. Siyo kicheko cha mtu aliyesikia utani. Kicheko cha mtu aliyeshika tumbo.

"Mtaimbo!" akasema Haskew. "Ee Bwana wangu. Stegall, mtu huyu ni mwongo hata akikiri. Banda langu halina mlango! Ni nguzo nne na bati juu. Halijawahi kuwa na mlango tangu baba yangu alijenge!"

Niliona rangi ikimtoka Kimbrough kuanzia shingoni. Kama hakuna mlango, hakuna kilichovunjwa. Kama hakuna kilichovunjwa, shtaka zito halipo, halikuwahi kuwepo, na mimi nimekaa jela miezi saba kwa kuvunja hewa.

Lakini yule binti ni mwepesi, lazima nimpe haki yake. Akasimama.

"Mheshimiwa, tunaondoa shtaka la kuvunja. Linabaki la wizi. Na ningependa kumbukumbu ionyeshe kwamba mshtakiwa ameapa, kisha akaieleza mahakama habari za mlango usiokuwepo. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa peke yake, na tutalishughulikia."

Kiapo cha uongo. Mnajua kiko wapi? Kwenye orodha. Mstari ule ule.

Jaji akavua miwani. "Gathright, nitakuuliza mara moja. Ulikuwa kwenye banda lile, au hukuwa?"

Nikisema nilikuwa, mimi ni mwizi, nimefutwa. Nikisema sikuwa, nimeapa uongo, nimefutwa. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, midomo imebana.

Na hapo, wasomaji wangu, Pruitt akasimama. Yule yule wa Galbraith.

"Mheshimiwa, mteja wangu hajibu swali hilo. Ana haki ya kunyamaza."

"Aliiacha dakika kumi zilizopita, Bwana Pruitt. Nilimuuliza, akasema ndiyo."

"Hujapokea ukiri wake. Mpaka uupokee, haki zote bado ni zake."

Alikuwa sahihi. Ukurasa huo niliusoma. Miezi saba nilimngoja mtu huyu aseme sentensi moja, na akaisema. Nusura nimsamehe.

"Atajibu," akasema Stegall.

Nikasema, "Mheshimiwa, kabla sijajibu. Mimi nilipata habari za kufuli kwenye karatasi yenu. Karatasi yenu ilizipata kwa nani?"

"Hapa nauliza mimi."

"Basi uliza wewe. Nani alimwambia naibu wa sherifu kwamba banda lisilo na mlango limevunjwa kufuli?"

Stegall alitaka kunifokea, nikaona anaghairi. Akaivuta karatasi. Akasoma. Akageuza, akasoma nyuma, mahali palipo na sahihi ya mlalamikaji. Pole pole akanyanyua macho, yakanipita mimi, yakampita Kimbrough, yakafika benchi ya mwisho.

"Royce," akasema. "Hii ni sahihi yako?"

Haskew alikuwa bado na mabaki ya kicheko mdomoni. "Aa, hiyo. Hiyo ilikuwa ya watu wa bima tu. Hawa hawalipi mpaka uandike kimevunjwa kitu, kwa hiyo nikamwambia naibu aweke..."

Kiganja cha Stegall kikatua mezani kama ubao umepasuka.

"Bwana Haskew! Usiseme neno jingine. Hulazimiki kusema lolote hapa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuzungumza na wakili kwanza, kabla mtu yeyote hajakuuliza chochote. Umenielewa? Kaa chini, tafadhali." Akamgeukia mwandishi. "Hayo ya mwisho usiyaandike."

Tafadhali. Mimi nilingoja miezi saba na mnyororo kiunoni. Haskew alipewa haki zake zote kabla hajamaliza sentensi, na hakuomba hata moja.

Vidole vya mwandishi vikasimama juu ya mashine yake. Akamtazama jaji, akanitazama mimi, akamtazama tena jaji.

Nilikuwa bado nimesimama, mkono juu, pingu zikinikata. Hakuna aliyekuwa ameniambia niushushe.

"Na mimi, Mheshimiwa?" nikauliza.

Jaji Stegall akavaa miwani yake.

"Wewe bado uko chini ya kiapo, Gathright," akasema. "Nangoja jibu."